Bakuli, wavu, au kukaa kimya mbele ya ua: uchague ipi kuchunguza nyuki wa porini?

Msimu wangu wa kwanza wa kuchunguza nyuki uliishia na rafu iliyojaa vichupa na swali moja lililonishinda. Nilikuwa nimetandaza mabakuli ya rangi yenye maji ya sabuni kando ya eneo lenye maua mengi, nikayaacha mchana kutwa, jioni nikachuja, nikahifadhi kwenye spiriti, nikajiona mtafiti. Kisha mtu aliyekuja kutazama akanyoosha kidole na kuuliza: huyu mdogo mwenye tumbo la kijani alikuwa anakwenda kwenye ua gani? Sikuwa na jibu. Nilichojua ni kwamba alitoka kwenye bakuli, na bakuli si ua.

Kwa hiyo nikiulizwa siku hizi "nitumie njia gani," nami huuliza kwanza: unataka kujua nini? Yapo maswali matatu ambayo watu huyachanganya. Nyuki gani wanaishi hapa? Nani anakwenda kwenye ua lipi? Na kati ya hao wanaokwenda, nani hasa anayelichavusha, yaani anayelipelekea poleni (chavua, ule unga wa maua) ili lizae? Njia inayokupa jibu zuri la swali la kwanza inaweza kukuacha mikono mitupu kwenye la pili, kama ilivyoniacha mimi.

Kuna jambo moja la kuliweka sawa kabla ya kulinganisha. Nyuki wa asali tuliyemzoea mizingani ni spishi moja tu kati ya zaidi ya 20,000 za nyuki zinazojulikana duniani. Walio wengi hawana mzinga wala malkia. Jike huishi peke yake, na mara nyingi huchimba kishimo chake ardhini. Tena si nyuki peke yao wanaotembelea maua. Mwaka 2016 watafiti waliunganisha takwimu za tafiti 39 zilizofanywa mashambani sehemu mbalimbali za dunia, wakaona kuwa nzi, mbawakawa, vipepeo, nyigu na wadudu wengine wasio nyuki walifanya kati ya robo na nusu ya ziara zote za maua. Ukichagua njia inayomdharau nzi, umeshatupa sehemu kubwa ya hadithi.

Kukaa au kutembea

Hizi mbili zinafanana kwa kuwa zote zinategemea macho, lakini matokeo yake hayafanani.

Kukaa ni rahisi kueleza. Unachagua kipande cha maua, unakiwekea mpaka, unatazama kwa muda maalumu, unaandika kila mdudu anayetua ndani ya ua. Uingereza wanao mpango wa kufuatilia wachavushaji ulioanza mwaka 2017, na kipimo chake kwa mtu yeyote wa kujitolea ni mraba wa sentimita 50 kwa 50, kwa dakika 10. Unahesabu pia maua yenyewe, kwa sababu wadudu sita kwenye maua mia si sawa na sita kwenye maua manne. Huhitaji kujua spishi; unagawa kwa makundi: nyuki wa asali, nyuki wengine, nzi wa maua, nyigu, kipepeo na kadhalika.

Kosa la kawaida hapa ni kumwita nzi nyuki. Nzi wa maua wengi wana mistari ya njano na nyeusi, na wanaiga vizuri. Tazama mabawa: nzi ana jozi moja, nyuki ana mbili (ingawa mara nyingi zimeshikana na kuonekana kama moja). Kama mabawa hayaonekani, tazama papasi, zile pembe nyembamba za kichwani. Za nzi wa maua ni fupi mno, vijiti viwili tu mbele ya uso, na macho yake makubwa yamechukua karibu kichwa chote. Papasi za nyuki ni ndefu na zina kiwiko.

Kutembea ni hivi: unaweka mstari usiobadilika, unaupita kwa mwendo uleule na muda uleule, unaandika kila unayemwona kwenye ua ndani ya upana uliojiwekea. Ukisimama kumshika au kumwangalia mdudu, unasimamisha saa. Faida yake ni kwamba unapita maua mengi na kona nyingi, hivyo unakutana na spishi ambazo mtu aliyekaa hatazipata hata akikaa kutwa. Hasara yake ni mtembeaji mwenyewe. Watu wawili wakipita mstari mmoja kwa zamu, orodha zao hazitalingana. Jicho linavutwa na wakubwa na wazito, vidogo vya milimita nne vinapita kama vumbi.

Kuna tofauti nyingine ambayo watu wachache huiona mapema. Ukitembea, unatumia muda mwingi zaidi kwenye maua yaliyo mengi, kwa kuwa ndiyo yanayojaza mstari. Mwisho wa msimu utachora mtandao wa nani anakwenda wapi, na ua la kawaida litaonekana kuwa na wageni wa kila aina, na lile la nadra litaonekana kuwa na rafiki mmoja tu. Unaweza kutangaza kwamba umegundua ua linalomtegemea nyuki mmoja, kumbe ulilitazama kwa dakika tatu tu msimu mzima. Ukikaa, unaweza kulipa kila ua muda sawa, la kawaida na la nadra, na ulinganisho wako ukawa wa haki. Kwa swali la mahusiano ya nyuki na maua, nakubali kupoteza spishi chache ili nipate haki hiyo.

Vyovyote utakavyochagua, andika sifuri. Dakika kumi bila mgeni hata mmoja ni matokeo, wala hukupoteza muda. Wanaoanza huona aibu wakayaruka, na daftari linabaki na siku njema tu. Tena angalia saa ya ua lenyewe. Maua ya maboga hufunguka alfajiri na kufikia mchana yamenyauka. Ukienda saa sita utaandika sifuri nyingi zisizo na maana.

Wavu au bakuli

Ugomvi wenyewe uko hapa, na upande wangu mmeshaujua.

Bakuli linafanya kazi kwa sababu nyuki huona rangi. Mtafiti wa nyuki Karl von Frisch alilithibitisha hilo mwaka 1914 kwa kuwazoesha nyuki kupata maji ya sukari juu ya kadi ya buluu, kisha akaiweka kadi hiyo kati ya kadi za kijivu za kila kiwango cha mwanga, nyuki hawakubabaika. Hawaioni nyekundu kama rangi, lakini wanaona urujuanimno (ultraviolet), mwanga tusiouona sisi. Ndiyo maana mabakuli ya utafiti hupakwa njano, nyeupe na buluu, mara nyingi kwa rangi inayorudisha urujuanimno. Ndani unaweka maji na matone machache ya sabuni. Sabuni huvunja ngozi ya juu ya maji, mdudu akitua anazama.

Wanaolipenda wana hoja nzito. Bakuli halichoki, halina kipaji wala uzembe, na mtu mmoja anaweza kutega sehemu kumi kwa siku moja. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti uliolinganisha njia sita katika nchi kadhaa za Ulaya, na mabakuli ndiyo yaliyonasa spishi nyingi zaidi kwa juhudi iliyotumika, bila kuathiriwa na ustadi wa mtu. Baada ya hapo mabakuli yakaenea kila mahali.

Sasa sikiliza upande wa pili. Kwanza, bakuli linabagua. Vijinyuki vidogo vinavyoruka chini vinajaa humo, na nyuki wakubwa wanaotoboa mbao, nyuki wa asali na wengine wenye nguvu huonekana mara chache kuliko walivyo kweli. Pili, na hili ndilo linaloniogofya, bakuli linashindana na maua. Maua yakiwa machache, wadudu wanalijia kwa wingi. Yakichanua tele, wanalipita. Fikiria umetega kwenye shamba lililotelekezwa na kwenye bustani iliyotunzwa ikajaa maua. Bustani inaweza kuonekana maskini kwa sababu tu wadudu wake walikuwa na mahali pazuri zaidi pa kwenda, nawe ukaandika kwamba utunzaji haukusaidia. Mwaka 2020 kundi la watafiti nchini Marekani walitoa wito wa wazi kwamba ufuatiliaji wa nyuki uache kuegemea mabakuli, kwa sababu hizi na nyingine.

Kazi ya baadaye nayo haisemwi. Nyuki aliyelowa ni kituko: manyoya yamegandamana, rangi imefifia. Inabidi aoshwe, akaushwe kwa hewa, manyoya yachanwe kwa brashi ndogo, ndipo aweze kutambuliwa. Zidisha hiyo mara mia tatu. Ongeza nzi, sisimizi na panzi ambao hukuwahitaji lakini wamekufa vilevile. Juhudi uliyoiokoa uwandani utailipa mezani.

Wavu unakupa kitu ambacho bakuli haliwezi kukupa kamwe: jina la ua. Mdudu unamtoa juu ya ua lenyewe, akiwa mkavu, poleni bado iko mwilini. Unachotakiwa ni kujifunza mkono. Piga kwa upande, kisha geuza kiwiko mfuko ujikunje juu ya kitanzi. Halafu inua ncha ya mfuko juu. Nyuki hupanda kuelekea mwanga, nawe unaingiza chupa kutoka chini bila kugusana naye. Mwezi wa kwanza utakosa zaidi ya kupata. Maua yaliyo juu ya mti mrefu yasahau.

Thamani ya wavu huonekana baada ya miaka mingi. Charles Robertson, aliyeishi Carlinville katika jimbo la Illinois, alianza mwishoni mwa karne ya 19 kukusanya wadudu kwenye maua ya eneo lake, akiandika kila mmoja na ua alilokutwa nalo. Zaidi ya karne moja baadaye watafiti walirudi palepale, wakatazama maua yaleyale, na mwaka 2013 wakaripoti kwamba nusu ya spishi za nyuki wa mtandao ule hawakuwapo tena. Waliweza pia kuonyesha ni mahusiano gani ya nyuki na ua yaliyokatika. Kama Robertson angeacha mitungi ya wadudu wa bakuli, wangehesabu waliopotea, lakini nyuzi zilizokatika wasingeziona.

Basi, bakuli au wavu? Kama lengo ni orodha ya spishi za eneo kubwa na mna watu wachache, tumia wavu uwe ndio mhimili na mabakuli yawe ya kuziba mapengo ya vijinyuki vidogo. Kama swali lako lina neno "ua" ndani yake, acha mabakuli nyumbani.

Kuhusu kuua: linasumbua watu, na ni vizuri lisumbue. Utafiti mmoja wa milima ya Colorado uliochapishwa mwaka 2015 ulipima athari ya kukusanya nyuki kila baada ya wiki mbili na haukuona idadi ikishuka. Hilo hutuliza kidogo, ila si ruhusa ya kufagia. Kwa nyuki waishio kwa familia, usimchukue malkia. Kibali cha kukusanya ni sharti sehemu nyingi, na kinaombwa kabla ya wavu kutoka kwenye mfuko.

Njia ya kiota

Hii ni ya pembeni lakini tamu. Unafunga pamoja vipande vya mwanzi au matete, matundu ya kipenyo kati ya milimita 2 na 10 hivi, kina cha sentimita 15 au zaidi, upande mmoja umezibwa. Unavitundika mahali pakavu, vikitazama jua la asubuhi. Nyuki wakata majani na jamaa zao wataingia, watajenga vyumba kwa majani, udongo au utomvu, na kila chumba kitakuwa na yai na bonge la poleni. Nyigu wawindaji nao watahamia, pamoja na vimelea vya wote hao.

Ukilinganisha na wavu, orodha ya spishi ni fupi sana, kwa kuwa wachimba ardhi, ambao ndio wengi, hawatakuja. Unachopata badala yake ni maisha ya ndani: mama anamlisha mtoto nini, nani anamuibia, wangapi wanafika utu uzima. Wavu hauwezi kukuonyesha kwamba mayai ya majike yako ndani kabisa ya mwanzi na ya madume yako karibu na mlango, hivyo madume hutoka kwanza. Kwa watoto wa shule hakuna kinachoshinda hili. Badilisha mianzi kila mwaka, la sivyo utakuwa unafuga utitiri na ukungu.

Poleni: hadubini au DNA

Macho yanakuambia nyuki alikuwa wapi wakati ulipomwona. Poleni iliyo mwilini mwake inakuambia alikopita kabla. Unaichukua kwa kipande kidogo cha jeli ya gliserini iliyotiwa rangi ya waridi, unakigusisha kwenye manyoya, unakiyeyusha juu ya kioo na kutazama kwa ukuzaji wa mara 400. Chembe za alizeti zina miiba. Za mahindi ni duara laini lenye kitundu kimoja.

Hadubini inakupa hesabu, na hesabu ndiyo nguvu yake: mia mbili za ua hili, tano za lile. Udhaifu wake ni kwamba nyasi karibu zote zinafanana, na spishi za jamii moja mara nyingi haziachani. Tena unahitaji kwanza kutengeneza maktaba yako ya poleni kutoka maua ya eneo lako, kazi ya wiki kadhaa. DNA inatenganisha mimea ambayo hadubini imeshindwa, na inachambua sampuli nyingi kwa mpigo, lakini kiasi inachoonyesha hakilingani vizuri na kiasi halisi, na uchafu kidogo tu (poleni iliyoelea hewani, wavu uliotumika kwenye ua jingine) unageuka kuwa "ziara." Kwa mtu asiye na maabara nyuma yake, hadubini. Mwenye maabara afanye zote mbili kwenye sehemu ya sampuli, aone zinapopingana.

Mgeni au mchavushaji?

Mpaka hapa tumehesabu wageni. Lakini mgeni anaweza kuwa mwizi. Nyuki wakubwa wanaotoboa mbao hupenda kupasua ua refu ubavuni na kunyonya nekta (maji matamu ya ua) bila kugusa stigma, sehemu ya kike inayopokea poleni. Ukihesabu ziara tu, huyo anaweza kuongoza orodha. Kwa upande mwingine, nyanya huficha poleni yake kwenye stameni (sehemu za kiume za ua) zenye matundu madogo. Nyuki anayejua kutetemesha misuli ya mabawa huku ameshikilia ua huimwaga, na nyuki wa asali hajui mtetemo huo. Ziara kumi za mmoja si sawa na moja ya mwenzake.

Njia ya kutenganisha ni ya subira. Funika kichipukizi cha ua kwa mfuko wa wavu laini kabla hakijafunguka. Likichanua, lifunue, subiri mdudu mmoja atue mara moja, lifunike tena. Kisha ama uhesabu chembe za poleni kwenye stigma, ama usubiri uone kama tunda litafunga. Weka pembeni maua yasiyofunuliwa kabisa na mengine yaliyoachwa wazi, ili uwe na cha kulinganishia. Utakaa saa nzima kwa ziara tatu. Ni njia ghali kwa muda kuliko zote zilizotajwa, na ndiyo pekee inayojibu swali la tatu. Sishauri mtu aanze nayo. Namshauri aifikie, hata kwa ua moja tu analolijali.

Picha au kielelezo

Kwa ufupi, ukilinganisha na kielelezo (mdudu mwenyewe aliyehifadhiwa): picha inatosha kwa vipepeo wengi, kwa baadhi ya nzi wa maua, na kwa nyuki wachache wakubwa wenye rangi za kipekee. Kwa vijinyuki vidogo haitoshi. Mtaalamu anahitaji kuona mishipa ya bawa, vitundu vya ngozi, na kwa madume viungo vya uzazi. Picha inakupa ua, saa na mahali bila kuua, na kwa hilo iko karibu na wavu kuliko bakuli. Ila piga mara tatu: juu, ubavuni, usoni. Na piga ua na jani lake pia.

Kwa hiyo wewe

Una saa moja tu kwa wiki na hujawahi kufanya hili? Kaa mbele ya maua, dakika kumi kumi, mara nne, mimea ileile, ukiwa na daftari na simu ya kupiga picha. Usinunue kitu. Baada ya msimu mmoja utajua ni swali gani linakuwasha.

Una shamba na unataka kujua nani anakuletea mavuno? Kaa, halafu funika maua. Orodha ndefu ya spishi haitakusaidia chochote.

Mna kikundi na kibali, na mnataka orodha ya eneo? Wavu, mstari usiobadilika, kila baada ya wiki mbili katika msimu wote wa maua, na mtaalamu aliyekubali kutambua vielelezo kabla hamjakusanya cha kwanza. Nimeona masanduku yaliyokaa miaka yakisubiri mtu wa kuyafungua.

Na katika kila hali inayohusu wavu, chupa moja kwa kila mmea, na lebo iandikwe palepale kwa penseli: mahali, tarehe, saa, jina la ua. Wino huyeyuka kwenye spiriti. Kama jina la ua hulijui, kausha tawi lake kwenye gazeti, lipe namba, na namba hiyo iende kwenye lebo. Niliwahi kuandika "ua la njano" kwenye chupa nane za siku moja. Yalikuwa mimea mitatu tofauti, na hadi leo sijui ipi ni ipi.

Yule mwenye tumbo la kijani nilimkuta tena msimu uliofuata, nikiwa nimekaa chini bila bakuli. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, kwenye ua dogo la buluu linalofumba kabla ya adhuhuri, hatua tano kutoka pale nilipokuwa nikitega.